Asilimia 87 ya gemu za zamani za Marekani haziuzwi tena. Mwizi ni nani hapa, mchoma CD au sheria ya hakimiliki?

#1 Mzee wa Kaseti
Wakuu, salaam.

Mwaka 2023 Video Game History Foundation, taasisi ya Marekani inayotunza historia ya gemu, wakishirikiana na Software Preservation Network, walitoa utafiti wao. Gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010, asilimia 87 haziuzwi tena kwa njia yoyote ile. Sizungumzii bei kuwa kubwa, nazungumzia kutokuwepo kabisa dukani. Hata PS2, mashine iliyouzwa kuliko zote duniani, gemu zake zinazopatikana ni kama asilimia 12 tu. Ukitaka hizo nyingine utafute mashine ya mtumba na diski ya mtumba, au upande ndege uende kwenye maktaba yenye nakala, au ushushe mtandaoni kimya kimya.

Ikaja Oktoba 2024. Maktaba ziliomba ruhusa ya kumfungulia mtafiti gemu ambayo haiko sokoni, naye akiwa nyumbani kwake. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. Kumbuka programu nyingine za kompyuta zilisharuhusiwa hivyo tangu 2021. Yaani programu ya mahesabu ya dukani ya mwaka 1988 mtafiti anafunguliwa akiwa sebuleni, gemu ya mwaka huohuo lazima afike mlangoni mwa maktaba.

Hoja yangu ni kwamba sheria ya hakimiliki ndiyo inayoua gemu za zamani, na waliozitunza mpaka leo ni haohao tunaowaita maharamia. Nipingeni.

#2 Jirani Mwema
Naweka kambi. Wanasheria wakija mniamshe.

#3 Dogo wa Mbagala
Mzee umeandika kirefu kwa jambo jepesi. Memori kadi yangu ya jibi 128 ina Tekken 3, God of War zote mbili za PSP, na PES za kila msimu, hadi zile ambazo wachezaji wake siku hizi ni makocha. PPSSPP, emuleta yaani programu inayoifanya simu iwe kama PSP, ni ya bure. Zinapotea huko kwao, huku kwetu zipo tele.

#4 Wakili wa Kichochoroni
@Mzee wa Kaseti, umefunga vitu viwili kwenye furushi moja. Tuvitenganishe.

Kwanza kuna hakimiliki yenyewe. Marekani, kazi iliyofanywa na kampuni inalindwa miaka 95 tangu itolewe. Pac-Man ilitoka 1980, ulinzi wake unakwisha mwishoni mwa 2075. Super Mario Bros. ya 1985 itakwisha mwishoni mwa 2080. Zamani ilikuwa miaka 75, Bunge lao likaongeza 20 mwaka 1998.

Pili kuna kufuli. Mwaka huohuo 1998 walipitisha DMCA, sheria yao ya hakimiliki ya kidijitali. Kifungu cha 1201 kinakataza kuvunja kufuli la kidijitali hata kama diski ni yako, umeinunua na risiti unayo. Kila baada ya miaka 3 watu wanakwenda kuomba misamaha. Kilichokataliwa 2024 ni msamaha mmoja wa aina hiyo. Maktaba bado zinaruhusiwa kuhifadhi. Kilichozuiwa ni kumfikishia mtu gemu nje ya jengo.

Halafu hiyo asilimia 87 maana yake ni haziko sokoni. Haina maana zimepotea. Nyingi nakala zake zipo, ziko makabatini.

Kwetu: Tanzania Bara tuna sheria ya 1999, Zanzibar wana yao ya 2003, Kenya wana ya 2001. Kanuni ya jumla ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

#5 Mzee wa Kaseti
Ahsante Wakili, nimekupata. Ila unanithibitishia. Kitu kipo kabatini, funguo anayo mtu ambaye hana mpango wa kukiuza wala kukuonyesha, na ataishika mpaka 2080. Mimi sitakuwepo.

#6 Dogo wa Mbagala
Na kaseti zako pia hazitakuwepo mzee 😂

#7 Binti Makorora
Mimi natengeneza programu, ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nitasema upande ambao hapa hausemwi.

Waliopinga lile ombi la maktaba ni ESA, chama cha makampuni ya gemu Marekani. Hofu yao: ukimfungulia mtu gemu kamili nyumbani kwake ukaiita utafiti, nani atajua kama anatafiti au anacheza tu? Na gemu ya zamani siku hizi ni mtaji. Kuna soko kubwa la kuzipiga msasa na kuziuza upya. Gemu iliyolala miaka 20 inaamka siku moja na kuuza. Final Fantasy VII ni ya 1997, wakaitengeneza upya 2020. Mngekuwa nyie mngeigawa bure?

Mtu akishusha kazi yangu bure ananiambia "anaihifadhi". Sawa, mbona hujawahi kuhifadhi kwa kulipa?

#8 Mzee wa Kaseti
Binti, gemu moja inayoamka miaka 20 baadaye ni sawa. Mia zilizolala zikafa je? Hao ESA walisema wazi hata kwenye kikao cha 2024 kwamba hakuna sharti lolote ambalo maktaba zingeweka wao wakakubali. Weka mlinzi, weka muda, andikisha jina, bado hapana. Hapo biashara iko wapi, ikiwa kitu chenyewe hawakiuzi?

#9 Fundi Lenzi
Nyote mnabishana makaratasi. Mimi natengeneza hizi mashine Mwanza na nawaambia kinachoua gemu ni muda.

PS2 ikiletwa kwangu ugonjwa ni uleule, lenzi imechoka. Unageuza kiskrubu kidogo kuongeza nguvu ya mwanga, inasoma miezi kadhaa, halafu ndiyo basi tena. Kaseti za zamani zenye kuhifadhi maendeleo ndani zina betri ndogo ya duara, ikiisha umepoteza ulipofika. Hizo nafuu, kaseti yenyewe inaendelea kucheza.

Mbaya zaidi ni bodi za Capcom za kumbi za gemu, zile za CPS-2 zilizoanza 1993. Programu kwenye bodi ilisimbwa, yaani ilifichwa kwa kanuni ya siri, na ufunguo wa kuisimbua ulikaa kwenye memori inayolishwa na betri. Betri ikifa, ufunguo unafutika. Chipu zote nzima, bodi safi, lakini prosesa inasoma uchafu mtupu, haijui la kufanya. Mafundi wakaziita betri za kujiua. Kampuni ilifanya hivyo kuzuia watu kunakili. Kwa hiyo mwenye bodi halali, aliyelipa, ndiye gemu inamfia mkononi.

#10 Kijana wa Kongowea
@Fundi Lenzi hapo umetuzungumzia lakini umekatia njiani. Hizo CPS-2 hazikufa. Watu walianza kutoa data yake iliyosimbuliwa miaka ya 2000 mwanzoni kwa kutumia bodi zilizokuwa bado hai, na 2007 Andreas Naive na Nicola Salmoria wakaifumbua kanuni yenyewe ya usimbaji. Salmoria ndiye aliyeanzisha MAME, emuleta ya gemu za kumbi, mwaka 1997. Leo bodi iliyokufa unaweza kuifufua.

Sasa rudi kwa Wakili. Kazi hiyo ya kufumbua, mahakamani ingeitwaje? Kuvunja kufuli. Lakini ndugu yangu, pasingekuwa na waliovunja tungekuwa na mizoga ya bodi dunia nzima.

#11 Fundi Lenzi
Sikukatia njiani, nilikuwa na mteja dirishani. Ila ndiyo, hujakosea.

#12 Mama Tekken
Mmesahau nyimbo na majina ya watu.

Nani hapa hajacheza San Andreas? Ile ya 2004 tuliyoendesha gari bila kwenda popote ili tusikilize redio. Mwaka 2014 toleo la kompyuta lilisasishwa na nyimbo kadhaa zikaondolewa, leseni zake zilikuwa za miaka 10 na zilikuwa zimeisha. Hata aliyekuwa ameshalipia, sasisho likaja likamchukulia. GTA IV nayo yakaikuta hayohayo 2018.

Mpira ndiyo zaidi. EA walipoachana na FIFA, Septemba 2023 gemu zao zote za FIFA zikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mikataba ya majina, jezi, viwanja, vyote vina tarehe ya mwisho. Gemu ya mpira inazaliwa na cheti cha kifo mkononi. Hapo usilaumu kampuni ya gemu peke yake. Mwenye wimbo naye ana haki yake, na mchezaji naye ana haki ya sura yake.

#13 Dogo wa Mbagala
Ndiyo maana nashusha. Kwangu redio ya San Andreas imekamilika.

#14 Mama Tekken
Dogo wewe kila mada jibu lako ni memori kadi. Siku ikiungua utalia.

#15 Maktaba ya Kijiji
Kuna kundi ambalo hamjaligusa, gemu zisizo na mwenyewe anayejulikana.

No One Lives Forever ilitoka 2000, ikasifiwa sana. Nightdive, kampuni inayofufua gemu za zamani, waliitaka. Wakabisha hodi Warner, wakabisha Activision, wakabisha Fox. Haki zimegawanyika kutokana na makampuni kununuana na kuuzana, na hakuna aliyekuwa tayari kupekua makabati ya karatasi ili ajue anamiliki nini. Ila walionya kwamba wangeweza kushtaki kama Nightdive wangeitoa bila ruhusa. Mpaka leo haiuzwi.

Kabla ya hapo waliwahi kuitafuta System Shock 2. Mnajua haki zake walizikuta wapi? Kwenye kampuni ya bima. Studio ilikufa 2000, mali zake zikasafiri hadi huko.  Iliwezekana kwa sababu tu kuna mtu aliwatafuta akawauliza, na ikarudi sokoni 2013.

Kwa hiyo uroho wa makampuni haunitoshelezi kama maelezo. Mara nyingi hakuna mtu aliyeamua kuficha chochote. Karatasi imepotea, na sheria inasema bila karatasi hapana.

#16 Binti Makorora
@Maktaba ya Kijiji hii nakuunga mkono asilimia zote. Kazi yatima zinahitaji mlango wake. Sijawahi kusema gemu ambayo hata mwenyewe haijui ilindwe mpaka 2095.

#17 Nabii wa Pedi
Niongezee mafuta kwenye moto. Mnajua Nintendo wenyewe walishusha Super Mario Bros. mtandaoni halafu wakatuuzia? Frank Cifaldi, mwanzilishi wa hiyo taasisi ya #1, alionyesha kwenye mkutano wa 2016. Faili waliyouza kwenye Wii ina kichwa cha muundo wa iNES, muundo uliobuniwa na watu wa emuleta! Wanatuita wezi kumbe tunashusha sehemu moja.

#18 Kijana wa Kongowea
Taratibu Nabii, wahyi huo haujakamilika. Kichwa cha iNES ni baiti 16 tu, kazi yake kumweleza emuleta kaseti ilikuwa na chipu gani na ukubwa gani. Mtu yeyote akitoa data kwenye kaseti yake mwenyewe na kuiweka kwenye muundo huo, atapata baiti zilezile, na data ya gemu ni ileile. Faili mbili kufanana hakuthibitishi moja ilitoka kwa nyingine. Kinachothibitika ni kwamba Nintendo walitumia muundo uliobuniwa na wapenzi wa emuleta. Hilo peke yake linachekesha vya kutosha.

#19 Nabii wa Pedi
Sawa sheikh, lakini huna ushahidi kwamba hawakushusha 😏

#20 Kijana wa Kongowea
Wala wewe huna kwamba walishusha. Chukua mfano ambao hauna ubishi: ile PlayStation Classic ya 2018. Ndani Sony waliweka PCSX ReARMed, emuleta huria iliyojengwa na watu wa mtandaoni. Leseni yake iliwaruhusu, hapakuwa na kosa. Tena baadhi ya gemu wakaziweka zile za Ulaya za hezi 50, zinatambaa. Na ni Sony hawahawa waliowapeleka Connectix na Bleem mahakamani kwa sababu ya emuleta za PS1.

#21 Dogo wa Mbagala
Kwani nani alishinda?

#22 Wakili wa Kichochoroni
Connectix walishinda rufaa mwaka 2000. Mahakama ilisema kunakili programu ya ndani ya mashine ili uisome na kujenga yako mwenyewe ni matumizi ya haki, hayahitaji ruhusa. Bleem nao hawakushindwa, lakini gharama za kesi ziliwamaliza, wakafunga 2001. Kwa hiyo Dogo, emuleta kama emuleta si kosa huko Marekani. Ulichomwagia ndani ya memori kadi ndiyo habari nyingine.

Na usichanganye na kesi ya 2024 ya Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch. Waliotengeneza Yuzu walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga. Hoja ya Nintendo ilikuwa kufuli: gemu za Switch zimesimbwa, na Yuzu ilihitaji funguo ili izisimbue. PS1 haikuwa na usimbaji wa namna hiyo. Ile kesi iliisha kwa makubaliano, hakuna jaji aliyetoa tafsiri ya kina, kwa hiyo wanaosema "emuleta zimepigwa marufuku" wanakuza mambo.

#23 Mswahili Lyon
Habari za huko. Hapa Ufaransa sheria ya 1992 inamtaka mchapishaji kuwasilisha nakala za gemu kwenye Maktaba ya Taifa, kama vitabu. Japani nao, Maktaba ya Bunge inapokea gemu za diski na kaseti tangu 2000. Hakuna aliyelia kwamba biashara imekufa. Sharti ni kwamba uende ukacheze palepale.

Lakini msitamani sana. Gemu nyingi za leo hazina diski. Kinachowasilishwa ni nini? Boksi lenye karatasi ya namba za kushusha. Na hata diski ikiwepo, mara nyingi toleo lililo ndani ni bovu, lililorekebishwa liko kwenye seva.

#24 Mzee wa Kaseti
Na sisi? Maktaba Kuu hupokea vitabu vinavyochapishwa nchini. Gemu iliyotengenezwa na kijana wa Arusha anaipeleka wapi?

#25 Jirani Mwema
Anaipeleka kwa mama yake akamwonyeshe.

#26 Simu ya Batani
Naona mnaongelea PlayStation tu. Sisi wengine gemu yetu ya kwanza ilikuwa kwenye simu. Nokia walikuwa na Snake tangu 1997, halafu zikaja gemu za Java, zile faili za .jar tulizokuwa tunashusha Waptrick kwa vocha ya mwisho.

Hizo ndizo zinazopotea kweli na hakuna anayelia. Hazikuwa na kaseti wala boksi. Ziliuzwa na mitandao ya simu kwa ujumbe mfupi, na yale maduka yakafungwa. Gemu moja ilitengenezwa mara nyingi: ya kioo cha 128 kwa 160, ya 176 kwa 220, ya 240 kwa 320, nyingine ya Sony Ericsson, nyingine ya Samsung. Picha tofauti, ukubwa tofauti, wakati mwingine hata hatua zimepunguzwa ili itoshe. Ukisema umeihifadhi, umehifadhi ipi?

Niliweka zangu zote kwenye simu moja. Ilipokufa zikafa nayo. Nilipotafuta mtandaoni, nikapata ya kioo kidogo tu, ile niliyoicheza mimi haipo. Na aliyeiweka mtandaoni ni mharamia wa zamani mwenye tovuti iliyojaa matangazo ya ajabu. Mwenye haki mwenyewe alishafunga ofisi.

#27 Fundi Lenzi
Jamaa wa batani umenigusa. Weka J2ME Loader kwenye Android, zinacheza vizuri hizo. Kama ile simu bado unayo usiitupe. Mara nyingi simu iliyozima memori yake ni nzima, kinachokufa ni chaji au kioo.

#28 Simu ya Batani
Nilishamuuzia mtu wa vyuma chakavu.

#29 Fundi Lenzi
Pole.

#30 Mama Tekken
Kuna za mtandaoni pia. The Crew ya Ubisoft, watu walinunua kwa pesa kamili, 31 Machi 2024 seva zikazimwa na gemu ikawa haifunguki hata ukitaka kuendesha peke yako. Ndipo Ross Scott wa YouTube akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lao Ulaya likavuka sahihi milioni 1 Julai 2025. Hapa hakimiliki inaingiaje? Hata ukiwa na haki zote mkononi, programu ya seva hukuwahi kupewa. Hakuna cha kunakili.

#31 Wakili wa Kichochoroni
Inaingia kidogo. Tangu 2015 kuna msamaha Marekani kwa gemu ambazo seva ya kuthibitisha imezimwa, unaruhusiwa kurekebisha yako icheze. 2018 ukapanuliwa kwa makumbusho na maktaba zilizo na msimbo wa seva, yaani programu yake ilivyoandikwa, kihalali. Tatizo ni hilo neno kihalali. Nani atakupa?

#32 Maktaba ya Kijiji
Mashabiki wa City of Heroes, gemu ya mtandaoni, walipewa, mwishowe. NCsoft waliifunga Novemba 2012. Kuna watu walikuwa na msimbo wa seva kimyakimya, ukavuja 2019, seva za mashabiki zikaibuka. Januari 2024 NCsoft wakawapa leseni rasmi Homecoming, moja ya seva hizo. Imewezekana kampuni kukubali bila mbingu kuanguka.

Na wapo waliotoa wenyewe. id Software walifungua msimbo wa Doom 1997, EA wakafungua Command & Conquer ya kwanza na Red Alert mwaka 2020.

#33 Kijana wa Kongowea
Kuna makampuni yangetaka kufungua msimbo yasingeweza, hayaujui ulipo. Kingdom Hearts ya 2002, walipotaka kuitoa upya kwa picha kali wakakuta data ya awali haipo, ikabidi wajenge upya kwa kuichimba gemu iliyouzwa. Silent Hill HD ya 2012 ilitengenezwa kwa msimbo usiokamilika, na ikaonekana. Jordan Mechner, mtunzi wa Prince of Persia, alidhani msimbo wake umepotea, mpaka 2012 baba yake akakuta boksi la floppy nyumbani. Bahati tupu. Makampuni yenyewe hayatunzi, halafu yanataka mtu mwingine asitunze.

#34 Binti Makorora
Hiyo haina uhusiano na hakimiliki, huo ni uzembe wa stoo. Hata sheria ikifutwa kesho asubuhi, diski iliyotupwa haitarudi. Mzee wa Kaseti nasubiri ukubali kwamba hoja yako imepungua.

#35 Mzee wa Kaseti
Utasubiri sana. Stoo ikizembea, nakala za watu wa nje ndizo akiba. Sheria inaziita nakala hizo haramu. Hoja yangu imenenepa.

#36 Kijana wa Kongowea
Wakili, swali kutoka #4 limenikaa. Huku Kenya kazi ya picha na sauti inalindwa miaka 50 tangu itolewe, haihesabiwi tangu mtu afe. Pac-Man ni picha na sauti. Kwa hiyo mwishoni mwa 2030 ni huru Mombasa, na huko Marekani bado miaka 45?

#37 Wakili wa Kichochoroni
Swali zuri na halina jibu jepesi. Programu ya kompyuta inahesabiwa kama kazi ya maandishi, hapo ni uhai wa mtunzi na miaka 50. Toru Iwatani aliyebuni Pac-Man yupo hai. Ukisema picha na sauti, 2030. Ukisema programu, miongo mingi. Marekani mahakama tangu 1982 zilikubali kwamba picha na sauti za gemu zina ulinzi wake mbali na programu. Ulaya nao 2014, kesi ya Nintendo na PC Box, wakasema gemu ni zaidi ya programu. Kwetu sijaona shauri lililofika huko. Na hata hakimiliki ikiisha, jina Pac-Man ni alama ya biashara, hiyo inahuishwa daima.

#38 Kijana wa Kongowea
Kwa hiyo picha ni zangu 2030 lakini programu inayozichora si yangu?

#39 Wakili wa Kichochoroni
Kwa tafsiri moja, ndiyo. Uziandikie programu yako.

#40 Nabii wa Pedi
Na jina uiite Papa-Man.

#41 Mwana Kigoma
Samahani nachelewa. Mimi nina kitu. Miaka ile kulikuwa na Winning Eleven za PS2 zilizopachikwa timu zetu, Simba, Yanga na wengine, jezi zimechorwa kwa mkono na majina yameandikwa vibaya. Nimebaki na diski moja, imechomwa, juu imeandikwa kwa kalamu ya wino. Sijaiona mtandaoni mahali popote. Aliyeitengeneza simjui. Hiyo kisheria ni ya nani? Na nifanyeje isife?

#42 Dogo wa Mbagala
Yanga humo inamfunga nani? 😂

#43 Mama Tekken
Kwenye hiyo gemu hata Yanga aliweza kushinda, ndiyo maana ni ya kuhifadhiwa.

#44 Wakili wa Kichochoroni
@Mwana Kigoma: gemu ni ya Konami. Majina na nembo ni za vilabu. Michoro ya jezi yenyewe aliyeichora ana madai yake, ila aliichora juu ya kazi ya mtu bila ruhusa. Mkono wa sheria ukifika hapo kila mtu anadaiwa na hakuna anayedai. Sijakushauri lolote.

#45 Maktaba ya Kijiji
Kati ya yote yaliyosemwa kwenye uzi huu, hiki ndicho kilicho hatarini kuliko vyote. Pac-Man ina nakala mamilioni. Hiyo diski ya Kigoma inaweza kuwa ya mwisho, na hakuna kampuni wala maktaba ya Marekani itakayoitafuta. Diski za kuchoma zinaisha haraka kuliko za kiwandani, ile rangi ya chini hupauka.

#46 Fundi Lenzi
Usiicheze tena kwanza, usije ukaikwangua. Diski ya PS2 inasomeka kwenye DVD ya kawaida ya kompyuta, huhitaji kifaa maalumu. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Toa ISO, yaani faili moja yenye nakala nzima ya diski, mara mbili, ikiwezekana kwa draivu mbili tofauti, kisha pima hashi ya kila moja, ile alama ya utambulisho ambayo programu huihesabu kutoka kwenye faili. Zikilingana, umesoma sawa. Zisipolingana, punguza kasi ya kusoma urudie. Jamaa wa Redump wanafanya hivyohivyo kwa diski za kiwandani, wanatunza orodha ya hashi bila kugawa gemu. Yako haitakuwa kwenye orodha yao, kwa hiyo hashi yako ya pili ndiyo shahidi wako pekee.

Piga picha na huo wino wa juu, upande wa chini pia, uone kama umeanza kuwa na madoa.

#47 Mwana Kigoma
Kompyuta yangu haina tundu la CD.

#48 Fundi Lenzi
Ipeleke stationery yoyote yenye kompyuta za zamani za mezani, nyingi bado zina draivu. Nenda na flashi ya kuanzia jibi 16, na ubaki umesimama hapohapo. Usimwachie mtu diski ukaenda kula.

#49 Binti Makorora
Na ukishaitoa, usiitupe mtandaoni mpaka umemtafuta huyo mchoraji. Kuna mtu aliyekaa usiku kuchora zile jezi. Ulizia vibanda vya gemu vya enzi hizo, mafundi wanajuana.

#50 Mzee wa Kaseti
Tumtafute mwenye haki ambaye sheria yenyewe inamwita mharamia. Binti, karibu upande wangu.

#51 Binti Makorora
Sijahama. Yeye ni mtunzi, natetea watunzi.

#52 Mwana Kigoma
Nyuma ya kava kuna namba ya simu, tarakimu za mwanzo ni za zamani zile za kabla ya kubadilishwa. Kesho nitajaribu kupiga nikibadilisha mwanzo.